Moyo Wangu, Masomo ya Zaina

Wewe uliyekaa kwenye benchi la zahanati na mtoto ambaye juzi alivimba magoti, jana viwiko, na nyumbani wanakwambia anakua tu, sogea kidogo nikae nawe. Mimi si daktari. Yaliyomo kifuani mwangu nimeelezwa mara nyingi, na kila nikijaribu kuyaeleza mwenyewe nayachanganya. Ninachokijua ni kungoja. Najua nani huja na nani haji. Najua msaada wa shule unavyoonekana ukiwa upande wa anayeupokea. Nitakueleza hayo tu, na kama sauti yangu ni chungu, nisamehe. Nimejaribu kuilainisha, imekataa.

Nilizaliwa Mahajanga, mji wa pwani wa Wamalagasi, na baba yangu vilevile. Babu ndiye aliyetoka Ngazidja, kisiwa cha Komoro, akiwa kijana, akaja kutafuta kazi bandarini. Nyumbani tulisema Kikomoro, barabarani Kimalagasi, shuleni Kifaransa na baadaye Kimalagasi tena. Watu wa aina yetu mjini waliitwa zanatany, wana wa nchi, nasi tuliliamini jina hilo mpaka zile fujo za mwisho wa mwaka wa sabini na sita, Wakomoro walipouawa mitaani na nyumba zao kuchomwa. Ndugu zetu wengi walipandishwa ndege wakapelekwa Komoro. Baba alikataa. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na alisema hawezi kurudishwa mahali ambapo hajawahi kufika. Akatupeleka kisiwa cha Nosy Be, kijiji cha Ambanoro, kwa shangazi wa mama ambaye sote tulimwita Koko. Baba akapata kazi ya kushona mjini Hell-Ville, akawa anakuja kwetu Ijumaa.

Tulikuwa wasichana wawili. Zaina ndiye mkubwa, mimi Echa ndiye mdogo. Tulisoma shule moja Hell-Ville, yeye madarasa ya juu, mimi ya chini. Asubuhi tulikwenda kwa miguu, tukirushiana maneno njiani.

Ilianza na koo, wakati wa mvua. Koo lilipona lenyewe, hakuna aliyelifikiria tena. Kisha goti la kulia likavimba likawa la moto, nikashindwa kulikunja. Lilipopoa, maumivu yakahamia kwenye kifundo cha mguu, kisha kiwiko, kama mtu anayehama chumba hadi chumba ndani ya nyumba yake. Mama alisema ninakua. Koko akaniandikisha kombe: aya kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa. Sitalisema vibaya kombe lile. Katika siku zile ndilo jambo pekee nililofanyiwa bila mtu kunikemea.

Shuleni walinikemea. Mwalimu akiingia darasani tulipaswa kusimama wote. Siku moja sikuweza.

"Simama," mwalimu alisema.

"Siwezi, bwana."

"Huwezi au hutaki?"

Nikajaribu, nikashika dawati, nikaanguka nalo. Darasa likacheka. Nilipigwa rula viganjani kwa kuangusha dawati, nikarudishwa nyumbani.

Aliyekuja Ambanoro kunitafuta alikuwa Madamu Soa. Alifundisha hesabu madarasa ya juu, mwanamke wa Kisakalava, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza. Mkuu wa shule alikuwa amemtwika kazi nyingine ambayo wenzake hawakuitaka: kuwafuatilia watoto wenye shida, kujua nani hana viatu, nani analala njaa, nani haonekani darasani na kwa nini. Wengine wangeita watoto ofisini. Yeye alikwenda kwao.

Alibisha hodi, akasema "Mbola tsara", akakaa mkekani bila kungoja kukaribishwa mara ya pili.

"Mtoto huyu analala wapi?"

Mama akamwonyesha.

"Na nani?"

"Na dada yake, na Koko."

"Asubuhi hii amekula nini?"

"Wali na samaki," Mama alijibu.

Madamu Soa akanyoosha mkono, akafunua sufuria iliyokuwa jikoni. Ndani mlikuwa na maji ya ukoko, basi. Akaurudisha mfuniko taratibu. Mama hakumsamehe kwa sufuria ile mpaka anaingia kaburini. Alikuwa tayari kumsamehe kila kitu kingine.

Ndiye aliyenipeleka hospitali. Tulikaa kwenye ukumbi mrefu wenye harufu ya dawa ya kuua wadudu, watu wakiitwa mmoja mmoja, jua likihama kutoka ukuta huu hadi ule. Daktari aliniwekea chombo chake kifuani, akasikiliza, akasikiliza tena, kisha akamwita mwenzake naye asikilize. Nilifurahi. Nilidhani moyo wangu una kitu kizuri kinachovutia watu.

Aliutaja ugonjwa kwa Kifaransa. Baadaye nilisikia ukiitwa homa ya baridi yabisi. Alisema umeshagusa moyo, na kwamba nitachomwa sindano kila mwezi mpaka niwe mtu mzima, bila kukosa hata mwezi mmoja, kwa sababu kila nikiugua koo tena moyo utazidi kuharibika. Mama aliuliza kama kuna dawa nyingine ya kumaliza mara moja. Daktari akasema hakuna.

Sindano ile, kama mwanao ameandikiwa, usimdanganye kwamba haiumi. Dawa yake ni nzito kama uji. Inaingia polepole, na mguu wote unakuwa kama si wako, unauburuta siku nzima na kesho yake. Mimi nilijifunza kuhesabu mwaka kwa sindano: ile ya baada ya Idi, ile ya wakati wa kuchuma langilangi, ile ya baridi, ile ya mvua za kwanza.

Madamu Soa alinipangia maisha. Uji wa mchele shuleni kabla ya masomo. Viatu vya turubai. Dawati karibu na mlango. Kwa kuwa sikuweza tena kutembea kutoka Ambanoro, alizungumza na dereva wa lori lililopeleka maua ya langilangi kwenye kiwanda cha mafuta, na dereva akakubali kunipakia. Nilikwenda shule nimekaa juu ya magunia ya maua. Wageni hulipia harufu ile. Mimi mpaka leo nikiisikia natafuta pa kutapika.

Na mwezi ukitimia alikuja mlangoni pa darasa letu akanyoosha kidole tu. Nilijua. Tulikwenda hospitali, tukangoja, nikachomwa, tukarudi. Siku moja nilimshukuru kwa maneno mengi ambayo Koko alinifundisha. Alinikatiza.

"Usiniambie asante. Niambie umekula nini jana."

Nimemsifu, sasa niseme na jingine. Uji ule tuliunywa uani, mbele ya wote, sisi wachache wenye bakuli za bati. Wenzangu waliniita Mama Uji. Nilipokuwa nikipita walifanya mdomo kama wanaopuliza uji wa moto. Nilimwomba Madamu Soa tunywee ndani. Alisema ndani hakuna nafasi, na kwamba aibu haijamuua mtu. Labda. Lakini wawili kati yetu waliacha kuja kwa ajili ya aibu hiyo, na sikusikia kwamba alikwenda kwao kuwaambia maneno yale.

Nyumbani nako kukawa na jambo la kuamua. Kuna asubuhi nilizoshindwa kufika barabarani kwa miguu yangu. Mtu alipaswa kunibeba mgongoni mpaka kwenye lori, kunishusha shuleni, na siku za homa kukaa nami. Koko alikuwa mzee. Mama aliuza mkate wa sinia, na mkate ule ndio uliokuwa chakula chetu. Ijumaa moja Baba alituketisha.

"Mmoja wenu itabidi abaki nyumbani," alisema. Alikuwa anamtazama Zaina.

"Nina mtihani mwaka huu," Zaina alisema.

"Utaufanya mwakani."

Zaina akamtazama Mama. Mama akainama kufunga kitenge ambacho hakikuwa kimefunguka. Mambo yakaishia hapo. Mwakani ilipokuja hakuna aliyeutaja mtihani, hata yeye mwenyewe. Alinibeba mpaka kwenye lori, tukapanda wote, akanifikisha kwenye geti la shule, akanikabidhi kwa Madamu Soa, kisha akageuka kurudi Ambanoro kumsaidia Mama. Shule aliyokuwa akisoma ikawa shule anayonileta mimi.

Miaka ilikwenda hivyo. Sikukosa sindano. Magoti yaliacha kuvimba, nikanenepa kidogo, nikapita mtihani wa kuingia shule ya juu. Baba alikuwa amerudi Mahajanga, akapata chumba mtaa wa Mahabibo na cherehani ya kukodi. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na watu wengine ndani, nao walimwamkia vizuri tu kila alipopita. Ikaamuliwa niende kwake nisome huko, na Zaina aje nami. Mama alibaki kumuuguza Koko.

Madamu Soa alinishika bega siku ya mwisho. "Nimezungumza na shule yako mpya," alisema. "Kuna msaidizi wa mkuu anayeshughulikia mambo haya. Wana utaratibu kuliko sisi. Watakupokea."

Kweli walikuwa na utaratibu. Msaidizi yule, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Naibu, alikuwa na ofisi yake, na watu walipanga foleni nje kwenye kivuli. Tulingoja mimi na Zaina mpaka wakabaki wafagiaji. Alitukaribisha kwa heshima.

"Ndiyo, nakumbuka," alisema. "Mgonjwa wa moyo. Hapa usijali. Tuna chakula cha mchana, nesi anakuja kila wiki, wasio na blanketi wanapewa. Baba yako ni raia?"

"Amezaliwa hapa hapa Mahajanga."

"Sikuuliza amezaliwa wapi."

"Sisi ni zanatany, bwana."

"Na babu yako?"

"Alitoka Ngazidja."

Akaifunga kalamu yake. "Basi kwa karatasi ninyi ni wageni. Msaada huu ni wa watoto wa raia. Darasani karibu, soma kwa bidii, hakuna atakayekufukuza. Lakini chakula na nesi, hapana. Si mimi, binti. Ni utaratibu."

"Na sindano yangu?"

"Hospitali ipo."

Akainuka mwenyewe kutufungulia mlango. Nimekutana na watu wakorofi wengi katika ugonjwa huu, na wengi wao walinisaidia. Bwana yule alikuwa na adabu.

Ilikuwa miaka ya shida kwa kila mtu. Sabuni kwa foleni, mafuta kwa foleni, mchele kwa foleni. Zahanatini walituambia dawa ya sindano ile hawana, tuitafute wenyewe tuilete wanichome. Zaina aliitafuta. Alizunguka mjini jua la Mahajanga likimpiga utosini, akaambiwa labda wiki ijayo, labda meli ijayo. Mwezi ukapita. Tukapata moja. Mwezi mwingine ukapita, na mwingine. Pale Hell-Ville nako wakati mwingine dawa ilikuwa haba, lakini palikuwa na mtu mzima wa kugonga meza ya daktari na kusema mtoto huyu hajachomwa. Hapa tulikuwa wasichana wawili na baba ambaye akiingia ofisini alivua kofia na kusahau alichokuja kusema. Shule nilikwenda na tumbo tupu, mchana nikakaa nje ya ukumbi wa chakula nikisoma, au nikijifanya nasoma.

Kisha koo likauma tena. Safari hii sote tulijua maana yake, na kujua hakukusaidia kitu.

Mwanzo nilichoka tu. Ngazi za shule zikawa ndefu. Nikaanza kulala nimekaa, nimeegemea ukuta, kwa sababu nikilala chali nilihisi kama mtu amenikalia kifuani. Viatu vikakataa kuingia. Ukinibonyeza muundi kwa kidole, shimo lilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Tumbo likajaa maji. Mwili wa kike ambao ulikuwa ndio kwanza unanijia ukarudi ulikotoka, nywele zikabaki kwenye kitana. Baba aliniona nikivaa, akageuza uso, akatoka kwenda kutafuta pusipusi. Mvutaji alikuwa mzee. Alinipakia kwenye kiti cha kigari chake, akakishika mbele, akakivuta taratibu mpaka hospitali akikwepa kila shimo, na Zaina akitembea kando amenishika mkono. Ni rehema ndogo, lakini hizo nazo nitazitaja.

Hospitali zetu, anayemlisha mgonjwa ni ndugu yake. Anayemwosha ni ndugu yake. Zaina alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, akapika uani kwenye mafiga na jamaa wa wagonjwa wengine, chakula kisicho na chumvi kwa amri ya daktari. Alikila na yeye vilevile bila chumvi, kwa sababu hapakuwa na sufuria ya pili. Kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa Kisakalava mwenye ugonjwa wa ini. Aliponiona ninalala nimekaa, alichomoa mto wake na kumpa Zaina aniwekee mgongoni.

"Mimi nalala vyovyote," alisema.

Hakuwa akilala vyovyote. Tulimsikia. Alipofariki, wanawe walikuja kuchukua vitu vyake, na mkubwa wao akautazama ule mto mgongoni kwangu, akaniachia.

Baba hakuweza kuingia wodini. Alisimama nje ya dirisha, akaniuliza kama nimekula, akaenda zake.

Sijasema kwamba Zaina alikuwa amechumbiwa. Mchumba alikuwa Saidi, fundi wa mashine kwenye kivuko cha Katsepy, ng'ambo ya ghuba. Harusi ilikuwa iwe baada ya mvua. Nilipolazwa ikasogezwa mpaka kiangazi. Kiangazi kilikuja kikanikuta bado pale pale, nikitolewa maji tumboni, nikipata nafuu, nikianguka tena. Mwanzo Saidi alikuja kila Jumapili, amejipaka mafuta, akaongea na Zaina uani. Kisha akaja Jumapili moja moja. Mama yake alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni amejifunika pua.

"Sisi tunataka mke," alimwambia Zaina. "Wewe umeshaolewa na wodi."

Zaina akarudi kwenye mafiga yake. Habari kwamba Saidi ameoa Katsepy aliletewa na mwanamke aliyekuwa akimuuguza mumewe wodi ya wanaume, tena kwa nia njema. Siku hiyo Zaina aliniogesha kama kawaida, ila alisugua kwa nguvu mpaka nikalia. Sikulia kwa ajili ya ngozi.

Shule ilinitembelea. Mpaka leo nashindwa kuieleza siku ile bila kucheka vibaya. Waliingia wanafunzi wenye sare safi, mwalimu mmoja, na Bwana Naibu mwenyewe mbele akiwa na kikapu cha machungwa. Waliimba wimbo. Wagonjwa wengine walipiga makofi. Bwana Naibu akaketi pembeni ya kitanda, akanitazama miguu, na nikaona kwamba alishtuka kweli.

"Binti," alisema, "mbona hamkutuambia?"

Zaina alikuwa chini akimenya mihogo. Akainuka na kisu mkononi, nadhani hata hakukumbuka kwamba anacho.

"Alikuambia," alisema kwa Kimalagasi, kwa sauti ya kawaida. "Alisimama mbele ya meza yako. Mimi nilikuwa nyuma yake."

"Sikujua kwamba hali yake ni mbaya kiasi hiki."

"Ulijua. Ulimwita mgonjwa wa moyo kabla hajafungua mdomo. Halafu ukamuuliza babu yake katoka wapi."

Bwana Naibu akasema kwamba utaratibu hakuutunga yeye. Zaina akasema anajua, na akaketi kuendelea na mihogo. Wakaondoka. Machungwa yakabaki. Ningependa kukuambia kwamba tuliyatupa, au kwamba yalikuwa machachu. Yalikuwa matamu sana. Tulikula yote.

Sikurudi shule. Nilitoka hospitali mvua zilipoanza, mwembamba kama ufito, na daktari akaniambia habari zilizobaki: nisibebe vitu vizito, nisipande vilima, nisizae. Nilikuwa bado sijafikiria kuzaa. Nilikaa nyumbani miaka mingi, nikashona vifungo na pindo kwa ajili ya Baba, vitu ambavyo mtu anaweza kufanya amekaa. Aliniposa mtu mmoja, akaelezwa hali yangu, hakurudi tena. Sindano nilizipata, maana nilikuwa mtu mzima sasa na nilijua kugonga meza.

Baadaye, zamani zile za foleni zikiwa zimepita, walikuja Antananarivo madaktari kutoka nje wanaopasua moyo, na daktari wangu akanitafutia nafasi. Nilikwenda na Zaina. Sitaeleza walichofanya. Nilizinduka na kitu kimechomekwa kooni na Zaina amesimama miguuni pa kitanda amevaa vazi la kijani walilomvika. Kovu limeshuka katikati ya kifua kutoka chini ya shingo. Siku ya kwanza nilipolala chali, kichwa kikiwa sawa na mwili, nilitazama dari mpaka asubuhi kwa raha. Yaliyo mabaya kabisa yalikwisha hapo. Ndiyo maana naweza kukuandikia.

Basi hili ndilo ninalotaka ulichukue. Wakikuambia shuleni kwamba mambo ya mwanao yamepangwa, uliza yamepangwa na nani. Uliza jina lake. Kisha uliza, akihamishwa au mtoto akihama, nani atashika pale alipoachia, na umwone mtu huyo kwa macho yako kabla hujaondoka. Usione haya. Na mtoto wako mwingine, yule mzima anayekushikia mkoba sasa hivi hapo kwenye benchi, mtazame naye.

Hilo la mwisho sikulijua mwenyewe. Nilifundishwa Hell-Ville, mwaka Mama alipofariki.

Tulikuwa tumemaliza hitma. Zaina alikwisha kurudi Belobaka, nje ya Mahajanga, anakoishi na kuuza mikate kando ya barabara. Aliolewa baadaye na mgane, akamlelea wanawe, na sasa naye ni mjane, nami naishi kwake. Mimi nilibaki Nosy Be siku kidogo, nikasikia kwamba Madamu Soa yu hai, nikamtafuta. Nilimkuta barazani kwake, macho yameingia ukungu, sauti ni ile ile.

"Mimi ni Echa, Madamu. Yule wa moyo."

Akanishika kifundo cha mkono, akatulia, akasikiliza kwa vidole. "Unapiga vizuri," alisema. Tukaongea. Nilimweleza yote, hata Bwana Naibu. Alitikisa kichwa na kusema kwamba alikuwa ameahidiwa. Nilimwamini. Kisha akauliza:

"Na dada yako? Zaina?"

Nilishangaa kwamba analikumbuka jina. "Yuko Belobaka. Anauza mikate."

Alifumba macho, nikadhani amesinzia.

"Katika wote niliowafundisha hesabu," alisema, "sikupata kama yule. Nilikuwa nikiandika swali ubaoni, kabla sijageuka ameshamaliza, tena kwa njia yake, fupi kuliko yangu."

"Kwa nini hukumwambia Baba?"

"Nilipewa watoto wenye shida nikawafuatilia. Wewe ulikuwa na shida. Yeye alikuwa mzima."

"Lakini alikuwa ameacha shule, Madamu."

"Najua. Nilimwona kila asubuhi akigeuka pale getini." Akapangusa macho, lakini yalikuwa macho yenye ugonjwa, siwezi kusema zaidi. "Nilifikiri nikimrudisha darasani, nani atakuleta wewe? Ningekupoteza. Basi nikanyamaza."

"Ulichagua."

"Nilichagua."

Kumlaumu ni kusema afadhali ningekufa, na sikutaka kufa, sijawahi kutaka. Kumshukuru nilishindwa pia. Nilimbusu mkono, nikaondoka.

Njia nzima mpaka Mahajanga nilibishana na nafsi yangu kama nimwambie Zaina. Nilijiambia ana haki ya kujua kwamba alikuwa na akili ile, kwamba kuna mtu aliyeitambua. Nilidhani nampelekea zawadi.

Nilimkuta uani anachagua mchele kwenye ungo. Nilikaa mbele yake, nikamweleza, maneno yale yale, ubao na njia fupi na geti. Vidole vyake havikusimama.

"Alisema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Kwamba aliniona nikigeuka?"

"Kila asubuhi."

Aliokota jiwe dogo, akalitupa. Akaokota jingine. Nikangoja aseme kitu juu ya hesabu.

"Miaka yote hii, Echa," alisema, "nilidhani hakuna aliyeona." Akaupeta mchele mara moja, akainuka na ungo wake. "Ilikuwa afadhali kudhani hivyo."